Siku Niliyosema Pampu Imesimama

Nilirudi mjini Baraka, kando ya ziwa, nikiwa na miaka ishirini na tisa, na diploma ya umeme wa viwandani niliyoipata Bukavu, na begi moja la vyombo. Mama yangu, ambaye mpaka leo analima muhogo kijijini Mboko, alikuwa ameshawaambia watu wa kanisa lake kwamba binti yake amekuja kuwapa watu maji. Sikumrekebisha. Ukweli ni kwamba pampu zilikuwepo kabla yangu, bomba lilikuwepo, na tangi lilikuwepo juu ya kilima nyuma ya mji. Kazi yangu ilikuwa kuzifanya mashine zile zisikilizane.

Nitaeleza kwa kifupi, kwa sababu bila hiyo mengine hayaeleweki. Pampu tatu zimekaa katika nyumba ndogo ya matofali karibu na ziwa. Zinasukuma maji hadi kwenye tangi, na kutoka huko maji yanashuka yenyewe mpaka kwenye mabomba ya kartie, yaani mitaa ya mji. Kila pampu inazungushwa na mota yake, na kati ya mota na umeme kuna sanduku tunaloliita variateur, ambalo ndilo linaloamua mota izunguke upesi, polepole, au isimame. Zamani mtu alikuwa akisimama mbele ya kila sanduku na kuzungusha kitufe kwa mkono. Halafu shirika lililokarabati kituo likaleta automate, kompyuta ndogo isiyo na madoido, likaiweka katika bureau yetu, ofisi ndogo, mita kama mia mbili kutoka ziwani, kando ya jenereta. Kutoka bureau hadi kwenye pampu ukapitishwa waya mmoja chini ya ardhi, na ndani yake nyuzi mbili nyembamba zinazobeba maneno.

Ni maneno kweli. Kila variateur inapewa namba yake. Automate inaita namba moja: uko wapi? Namba moja inajibu: ninazunguka kwa kasi hii, sina homa, sina tatizo. Inaita namba mbili, inaita namba tatu, kisha inarudi mwanzo, bila kuchoka, mchana kutwa. Mimi ndiye niliyepanga namba hizo, na kasi ya kuzungumza, na jambo moja zaidi: variateur ifanye nini ikikaa muda bila kusikia mtu anaiita.

Niliyemkuta pale ni mwanaume wa miaka hamsini hivi, Mrundi, aliyevuka mpaka na mkewe na watoto wanne miaka mingi nyuma. Walikaa kwanza kambini, kisha wakapata shamba la kukodi pembeni mwa mji. Kwao alikuwa amefanya kazi na mashine za kiwanda cha chai. Huku alikuwa ndiye mwendeshaji wa pampu, na alikuwa ameziendesha kwa mikono miaka mitatu kabla mimi sijafika na kompyuta yangu. Nilimwita baba. Yeye aliniita mama fundi, mwanzoni kwa dhihaka kidogo, baadaye kwa mazoea.

Wiki ya kwanza nilikosea, nikazipa variateur mbili namba moja. Nikiita namba mbili, zote zinajibu kwa pamoja, na kwenye ekrani, kioo cha kompyuta, yanatokea mambo yasiyo na kichwa wala mkia. Nilihangaika nayo asubuhi nzima. Alikuja, akasikiliza maelezo yangu, akacheka hadi akashika ukuta.

"Mama fundi, ukiita 'baba' katikati ya soko ya Baraka, banaume bote banageuka. Sasa wewe unashangaa nini?"

Tangu siku hiyo tulielewana. Nilimfundisha kusoma ekrani, naye akanifundisha kusikiliza. Alikuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye mwili wa pampu na mpini sikioni, anafumba macho, kisha anasema: hii ya katikati beringi yake inaanza kulia, usingoje mwezi uishe. Hakuwahi kukosea mbele yangu.

Shida ilianza na mvua. Siku za mawingu paneli za jua zinazoendesha pampu hazikutosha, tukawa tunawasha jenereta. Na kila jenereta ilipowaka, variateur zilianza kusimama moja baada ya nyingine, zikiandika kwa herufi nyekundu kwamba hazisikii wito. Nilichimba sehemu mbili nikaona sababu. Walioweka ule waya wa maneno waliulaza katika mtaro mmoja na nyaya nene zinazopeleka umeme wa jenereta kwenye pampu, bega kwa bega, na haukuwa na ngozi ya chuma ya kuukinga. Umeme mkubwa ulikuwa unapiga kelele pembeni ya mtu anayenong'ona. Dawa yake ilijulikana: waya wenye ngozi, mtaro mwingine, na ile ngozi iunganishwe na ardhi.

Niliagiza waya. Ukafika Uvira ukakwama. Barabara ilikuwa mbaya, na wiki ambazo haikuwa mbaya ilikuwa imefungwa kwa sababu nyingine, za bunduki, ambazo kila mtu wa eneo letu la Fizi anazijua. Boti nayo ilichukua kwanza mizigo ya watu waliotangulia. Nilipiga simu kila siku, na kila siku nikaambiwa kesho.

Wakati huohuo kipindupindu kikaanza katika kartie za kando ya ziwa. Pampu zilisimama mara tano, mara sita kwa siku. Kila mara baba yule alikimbia kutoka alipo, akafuta kosa, akaziwasha tena, na kabla hajakaa zikasimama. Tangi halikujaa. Mabomba ya mtaani yalitoa maji kwa saa moja, kisha yakakohoa hewa. Asubuhi moja, nikitoka nyumbani, niliona akina mama wameingia ziwani mpaka magotini, wanateka maji kwa bidoo za plastiki palepale ambapo watoto walikuwa wanaoga na watu wanafua. Mmoja wao alikuwa jirani yangu. Aliniona, akageuza uso, kana kwamba yeye ndiye mwenye kuona haya.

Mwenyekiti wa kamati ya maji, mama mmoja aliyekuwa mwalimu, alikuja bureau siku hiyohiyo. Hakuketi.

"Batoto banakunywa maji ya ziwa," alisema. "Hospitali imejaa. Na sisi tuko na pampu tatu mupya. Nitabaambia nini bantu?"

"Waya haujafika, mama."

"Bantu habakunywe waya."

Alipoondoka nilikwenda kwenye nyumba ya pampu peke yangu. Nikafungua orodha ya maagizo ya variateur ya kwanza, nikashuka mpaka kwenye ule mstari: ukikosa kusikia wito, fanya nini? Jibu lililokuwepo lilikuwa "simama." Nikaweka jibu jingine, "endelea." Yaani ikipoteza sauti ya automate iendelee kuzunguka kwa kasi ileile iliyoambiwa mara ya mwisho. Nikafanya hivyo kwa ya pili na ya tatu. Haikuchukua dakika tano. Nilijiambia ni kwa wiki moja tu, mpaka waya ufike.

Nilipotoka nilimkuta baba nje, amekaa kwenye jiwe anafunga kamba za viatu.

"Hazitasimama tena," nilimwambia.

"Umetengeneza waya?"

"Bado. Nimebadilisha kitu kidogo ndani."

"Kitu kidogo gani?"

"Mambo ya kompyuta, baba."

Alinitazama kidogo, akatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa na daftari la kituo ambalo kila badiliko linapaswa kuandikwa, tarehe na sababu. Lilikuwa mezani kwangu. Sikuandika. Nikijiuliza leo kwa nini, jibu ni kwamba niliona haya. Nilikuwa nimesoma miaka mitano ili nijue kwamba jambo lile halifanywi.

Lakini maji yalipanda. Baada ya siku tatu tangi likajaa, mabomba ya kartie yakatoa maji asubuhi na jioni. Watu walinisalimia njiani. Mama mmoja muuza samaki alinitia mikeke miwili, samaki wa ziwa letu, katika mfuko, akakataa kusikia habari ya malipo. Mwenyekiti alinipigia simu kunishukuru. Wiki moja ikawa mbili, ikawa nne. Waya ulikuwa bado Uvira, na nikaacha kuupigia simu kila siku.

Siku yenyewe ilikuwa ya mawingu, saa nne hivi asubuhi. Bomba kubwa linalopanda kilimani lilikuwa limeanza kuvuja chini ya barabara, kwenye kiungo cha chuma kilicholegezwa na uzito wa malori. Baba alikuwa huko tangu alfajiri na wachimbaji wawili wa kartie, na walikuwa wamefika kwenye kiungo. Mpango ulikuwa rahisi, tuliwahi kuufanya mara kadhaa: anafunga vane ya juu, yaani koki ya bomba, ili maji ya tangi yasimrudie, mimi ninasimamisha pampu, maji yaliyobaki yanatoka, yeye analegeza boliti za kiungo na kubadilisha mpira.

Nilikuwa bureau. Jenereta ilikuwa inanguruma nje ya dirisha, na ikinguruma hivyo husikii hata mtu akibisha mlango.

Simu ikalia.

"Nimeshafunga vane ya juu," alisema. "Simamisha."

Nikabonyeza alama ya kusimamisha. Kwenye ekrani namba zote tatu zilikuwa sifuri.

"Zimesimama, baba."

"Maji iko inatoka bado."

"Hayo ni yale yaliyobaki ndani ya bomba. Ngojea kidogo yatakwisha."

Akakata. Nikaendelea kujaza karatasi za mafuta ya jenereta. Baada ya muda, labda dakika nane, labda kumi, akapiga tena.

"Haipunguki. Mi naona kama inaongeza nguvu."

Nikatazama ekrani. "Kwangu ni sifuri, baba. Zote tatu."

Nilisikia mtu wa pili nyuma yake akiuliza kitu.

"Una hakika?"

"Ninaziona hapa mbele yangu."

"Sawa," alisema. "Kama wewe unasema ni sifuri."

Kutoka kwenye kiti changu mpaka mlango wa nyumba ya pampu ni mita mia mbili. Nimezipima baadaye, kwa hatua, zaidi ya mara moja. Hakuna mtu aliyenizuia kwenda kuangalia. Hapakuwa na mvua. Nilikuwa nimekaa tu.

Simu ya tatu ilitoka kwenye namba nisiyoijua. Ilikuwa sauti ya mwanamke, akipiga kelele kwamba bomba limepasuka, limepiga mtu. Nilitoka mbio. Nilipoipita jenereta na kelele zake zikabaki nyuma yangu, nikasikia kutoka upande wa ziwa sauti niliyoifahamu vizuri. Pampu tatu zilikuwa zinazunguka.

Niligeuka, nikakimbilia huko, nikavuta kisu kikubwa cha kukatia umeme ukutani kwa mikono miwili. Zikanyamaza. Hapo ndipo nilipoelewa kila kitu, kwa mfululizo, kama mtu anayesomewa barua. Jenereta ilikuwa imeua maneno katika waya tangu asubuhi. Automate ilikuwa inaita, hakuna anayejibu. Na katika programu niliyoiandika mimi, namba isiyo na jibu iliandikwa sifuri. Zile sifuri tatu hazikuja nilipobonyeza. Huenda zilikuwepo tangu jenereta ilipowaka, nami sikuziangalia mpaka nilipozihitaji. Amri yangu ya kusimama haikufika popote. Pampu zilifanya nilichoziambia mwezi mmoja kabla: ziliendelea. Na kwa kuwa vane ya juu ilikuwa imefungwa, maji hayakuwa na pa kwenda isipokuwa kwenye kile kiungo ambacho yeye alikuwa anakilegeza, boliti moja baada ya nyingine, kwa sababu nilimwambia nina hakika.

Nilifika barabarani wameshamchukua kwa pikipiki. Shimo lilikuwa limejaa maji, na juu ya udongo kulikuwa na kiatu kimoja na ufunguo wa boliti. Watu walinieleza: kipande cha kiungo kiliruka kikampiga bega na uso. Mmoja wa wachimbaji alikuwa ameketi chini, nguo zote zimelowa, anarudia kwamba baba alimsukuma nyuma kidogo kabla.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ningependa kuliruka. Hospitali iko upande mmoja, nyumba ya pampu upande mwingine. Nilikwenda kwenye nyumba ya pampu. Nilirudisha umeme wa variateur bila kuwasha mota, nikafungua orodha ya ya kwanza, nikashuka mpaka kwenye mstari ule, nikafuta "endelea" nikaandika "simama." Ya pili. Ya tatu. Ndipo nikaenda hospitali.

Mkewe alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, kitenge amekikunja mapajani. Aliinuka aliponiona, akanishika mikono yote miwili.

"Mama fundi, aksanti kukuja."

Mumewe alikuwa amevunjika mfupa wa bega. Jicho la kushoto halikuokolewa.

Wiki mbili baadaye enjinia wa shirika alikuja kutoka Bukavu. Alifika kwa boti kutoka Uvira, na katika mizigo yake alikuwa na ule waya wenye ngozi niliouagiza, umezungushwa vizuri, mpya. Alikagua kila kitu kwa utulivu. Alifungua orodha za variateur tatu, akasoma, akaandika katika karatasi zake kwamba ziko sawa. Kisha akaniuliza:

"Wakati anafungua kiungo, pampu zilikuwa zimesimama?"

"Ekrani ilionyesha sifuri," nilijibu.

Hakuna neno la uongo katika sentensi ile, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo. Kuhusu watu wa kando ya ziwa waliosema walisikia pampu, nilisema palikuwa na kelele nyingi, kila mtu amesikia lake. Ripoti ikaandikwa kwamba mwendeshaji alifungua kiungo wakati bomba bado lina presha, kinyume cha taratibu za usalama. Kamati ikamweka mtu mwingine mahali pake. Baba hakuwa na mkataba wa maana. Alikuwa mkimbizi anayefanya kazi nzuri, na sasa alikuwa mkimbizi mwenye jicho moja aliyejiumiza mwenyewe.

Nikachimba mtaro mpya. Nikalaza waya, nikaunganisha ngozi yake na ardhi, nikaweka kipingamizi cha umeme kila mwisho kama inavyotakiwa. Mashine zilizungumza bila kukatika hata mara moja, jenereta iwake isiwake. Nilikuwa nikikaa mbele ya ekrani natazama majibu yanavyopita, moja, mbili, tatu, nikajisikia vibaya kiasi cha kutoka nje.

Nilikuwa ninakwenda kwao kila Jumapili mchana. Nilipeleka sabuni, sukari, mara nyingine unga. Mkewe alinishukuru kila mara, na kila mara alinitolea kiti kizuri. Nilidhani shukrani zake ndizo zitakazoniua. Lakini kilichonishinda kilikuwa kitu kingine. Yeye baba alikuwa anatafuta kosa lake. Kila nilipokaa alianza upya, taratibu, kama mtu anayekagua mashine.

"Vane nilifunga. Nilizungusha mpaka mwisho, nilihesabu. Nilikupigia. Nilingojea. Nikakupigia tena." Anahesabu kwa vidole. "Labda vane iko inapitisha maji. Ao mi nilizungusha ile ingine. Sijue. Nilikosea wapi, mama fundi? Wewe ulisoma, niambie."

Jumapili ya tano au ya sita alikuwa uani anapukuchua mahindi kwa mkono wa kulia, wa kushoto bado dhaifu. Akaanza tena: vane nilifunga. Nikamwambia anyamaze.

"Hukukosea," nilisema. "Pampu hazikusimama."

Aliendelea na gunzi lile mpaka likaisha. Akaliweka chini.

"Ulisema ni sifuri."

"Ilikuwa sifuri ya ekrani. Waya haukuwa unasema kitu. Pampu zilikuwa zinazunguka siku nzima."

"Waya ikikatika pampu inasimama. Wewe njo ulinifundisha ile."

"Nilibadilisha."

Niliona anakumbuka. Haikuchukua muda.

"Kile kitu kidogo," alisema.

"Ndiyo, baba."

Akauliza maswali ya fundi. Zote tatu, au moja? Zote tatu. Ziliachwa hivyo muda gani? Mwezi na zaidi. Enjinia alipokuja aliona? Hakuona. Kwa nini hakuona?

"Kwa sababu nilikuwa nimesharudisha."

"Lini?"

Ningeweza kusema siku nyingine yoyote. "Siku ileile. Kabla ya kuja hospitali."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Sikujua amesikia kiasi gani mpaka aliposema.

"Ulipita kule kwanza? Yeye analala kwa damu, na wewe ulipita kule kwanza?"

Aliingia ndani, akatoka na mfuko niliouleta, akauweka juu ya mapaja yangu. Hakutupa, hakupiga kelele. Aliuweka tu, akarudi ndani akafunga mlango.

Baba alikuwa anatazama mahindi. "Nenda kwa komite," alisema hatimaye. "Ile umeniambia mi, baambie na bo. Usipunguze kitu."

Jumatatu nilikwenda. Mwenyekiti alinisikiliza akiwa amefunga macho. Nilipomaliza hakukasirika kama nilivyotarajia; aliogopa.

"Shirika likijua tulificha, batafunga mufuko wa feza," alisema. "Na bantu batakunywa nini? Mutu ameshaumia, mwanangu. Jicho halirudi. Ukisema leo, nani atafaidika?"

"Yeye anasumbuka akidhani alijiumiza mwenyewe."

"Basi umeshamwambia. Inatosha."

Ninakiri kwamba kwa dakika kadhaa maneno yale yaliniingia vizuri. Yeye alikuwa ananipa mlango wa kutokea, na alikuwa mtu mwema, na sababu yake ilikuwa ya kweli: akina mama wale wa ziwani walikuwa wanatoka wapi kama si kwenye kartie zake? Nilikwenda nyumbani na ule mlango mkononi. Asubuhi yake niliandika barua ya kurasa mbili kwa Kifaransa, nikaeleza mstari ule, jibu la kwanza, jibu nililoweka, siku niliyorudisha, na maneno yote ya simu kama nilivyoyakumbuka. Niliituma kwa enjinia. Nakala nikampa mwenyekiti mkononi. Hakuzungumza nami kwa muda mrefu baada ya hapo.

Enjinia alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefedheheka, kwa kuwa naye alikuwa ametia sahihi. Nilisimamishwa kazi miezi mitatu, nikaenda Mboko kulima na mama. Sikumweleza yote mara moja. Nilimweleza kidogokidogo, tukiwa tumeinama kwenye matuta, na yeye aliendelea kulima huku akisikiliza. Siku moja tu alisimama, akaniuliza kama yule baba ana watoto wadogo. Nikamwambia mmoja bado. Akarudi kwenye jembe. Kanisani hakutaja tena habari ya maji.

Ripoti iliandikwa upya. Shirika halikufunga mfuko, ingawa lilichelewesha sana sehemu iliyobaki, na kartie mbili za upande wa kusini zilikaa mwaka mzima zaidi bila mabomba. Hilo nalo ni langu. Baba alirudishiwa kazi, safari hii na karatasi ya mkataba. Alikataa kwanza. Mkewe alimkataza kabisa. Alirudi baada ya miezi kadhaa, kwa masharti yake, kama msimamizi wa waendeshaji wapya. Mimi nilirudishwa kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine Baraka anayejua kuzipanga mashine zile. Nisingependa mtu adhani nilisamehewa.

Nilibadilisha programu. Sasa variateur isipojibu, ekrani haiandiki namba yoyote, inaandika vistari. Na tukaweka kanuni, ambayo ni yake: bomba halifunguliwi kwa neno la simu. Anayesimamisha pampu anavuta kisu cha umeme kwa mkono, anakifunga kwa kufuli, na ufunguo wa kufuli unapelekwa kwa anayefungua bomba, unakaa mfukoni mwake mpaka amalize. Enjinia aliposikia alisema ni nzuri, akataka iandikwe kwa vituo vingine, mpaka kituo cha Kazimia.

Mkewe hanisalimii. Tukikutana sokoni anapita kando, bila haraka. Baba mwenyewe anazungumza nami mambo ya kazi, beringi, mafuta, mpira wa kiungo. Hajaniita tena mama fundi.

Mwezi uliopita bomba lilivuja tena, karibu na palepale. Nilivuta kisu, nikafunga kufuli, nikapanda kwa miguu na ufunguo. Baba alikuwa ndani ya shimo. Aliupokea bila kunitazama, akautia mfukoni. Kisha akafungua kibomba cha kutolea maji, akangoja yaishe. Yaliisha. Akaendelea kungoja, mkono wake juu ya chuma, muda mrefu kuliko kanuni inavyotaka, na wachimbaji hawakuthubutu kumharakisha. Nilikuwa nimesimama ukingoni, upande wa kushoto kwake.

Alianza kulegeza boliti ya kwanza, akaacha. Akanyoosha ufunguo wa boliti kuonyesha upande wa pili wa shimo.

"Simama huku," alisema. "Kule sikuoni."